Kumfuga nge mfalme: shimo, unyevu na subira

Nge wanaofia mikononi mwa wafugaji ni nadra kufa kwa njaa. Wengi hufa wakijivua gamba kwenye udongo mkavu, au huungua tumbo kwa sababu ya mkeka wa joto uliowekwa chini ya tanki, au hudondoka kutoka kwenye kiganja cha mtu aliyetaka kupigwa picha. Kumlisha ni kazi ya dakika tano kwa wiki. Kazi kubwa ni kumwandalia udongo mzuri kabla hajafika, na baada ya hapo kujizuia usimsumbue.

Mwongozo huu ni wa nge mfalme, Pandinus imperator, yule mkubwa mweusi wa Afrika Magharibi: Ghana, Togo, Benin, Nigeria na nchi jirani. Akikomaa hufika sentimita 15 hadi 20 kuanzia kichwa hadi ncha ya mkia, uzito wake ni gramu 30 hivi, na akitunzwa vizuri huishi miaka 5 hadi 8. Kwao hukaa ndani ya mashimo na kwenye vichuguu, gizani, mahali penye joto na unyevunyevu. Karibu kila kitu kinachofuata hapa kinatokana na hilo. Ndugu yake wa kwetu, nge wa magando mekundu wa Tanzania na Kenya, hutunzwa kwa namna ileile, ila ni mdogo kidogo na ana hasira za haraka zaidi.

Hakikisha ni nge gani

Tazama magando na mkia kwa pamoja. Mwenye magando manene kama ya kaa na mkia mwembamba hutegemea nguvu ya kubana, na sumu yake kwa kawaida ni hafifu. Mwenye magando membamba kama kibano na mkia mnene hutegemea sumu. Wengi wa kundi la pili ni wa familia ya Buthidae, wakiwemo Parabuthus wa maeneo makavu ya Kenya na Tanzania, na Androctonus na Leiurus wa Afrika Kaskazini na Uarabuni. Hao si wa kuanzia, na nyumba yenye watoto si mahali pao kabisa. Nge uliyemkuta ndani ya kiatu usimfanye wa kufuga kwa sababu tu umemkuta.

Kanuni hiyo ya magando haitoshi peke yake. Hemiscorpius lepturus wa Iran na Iraq ana mkia mwembamba, na mwiba wake hata hauumi sana mwanzoni, lakini sumu yake huozesha nyama ya mwili na imeua watu. Kama huna hakika ya jina la nge, usimchukue.

Karatasi

Nge mfalme yumo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu 1995, maana yake hapiti mpaka wa nchi bila kibali. Tanzania ina Sheria ya Wanyamapori ya 2009 na Kenya ina ya kwake ya 2013. Ulizia kibali kabla ya kumshika nge wa porini, hata kama amejileta mwenyewe uani. Asikudanganye mtu kwamba wadudu hawahesabiwi. Mei 2025 mahakama ya Kenya iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kukutwa na maelfu ya chungu hai waliotaka kuwauza nje. Uingereza, sheria ya wanyama hatari ya 1976 inamtaka mfugaji wa Buthidae awe na leseni. Nge mfalme hadaiwi leseni hiyo.

Tafuta aliyezaliwa kwa mfugaji. Aliyekamatwa porini huja na utitiri, na uchovu wa safari ndefu. Akiwa jike, mara nyingi huwa na mimba tayari. Unapomkagua, mwombe muuzaji amtoe kwenye maficho. Awe anatembea tumbo likiwa limeinuka juu ya ardhi, miguu minane kamili, mwiba haujakatika, tumbo halijasinyaa. Angalia kwa makini mdomoni na kwenye maungio ya miguu: vitone vyeupe vidogo kama punje za unga ni utitiri. Uliza alijivua gamba lini mara ya mwisho na alikula nini. Muuzaji asiyejua lolote kati ya hayo anauza mzigo tu.

Nyumba yake

Nge mmoja mkubwa anatoshewa na tanki la kioo au boksi la plastiki lenye urefu wa sentimita 50, upana 30 na kimo 30. Boksi la plastiki la kuhifadhia nguo, lenye mfuniko wa kubana pande zote, linafaa sana kwa sababu halipotezi unyevu haraka. Toboa matundu kwa msumari uliopashwa moto: matundu 15 hadi 20 ya milimita 2 au 3 kwenye kila upande mfupi, juu ya usawa wa udongo. Matundu yakiwa pande mbili hewa hupita. Yakiwa kwenye mfuniko peke yake hewa ya chini inasimama na kuvu huanza.

Ukitumia tanki la kioo lenye mfuniko wa wavu, funika theluthi mbili za wavu kwa karatasi ya plastiki, la sivyo utamwaga maji kila siku. Ufunge mfuniko kwa klipu. Nge hawezi kupanda kioo kitupu, lakini ile gundi ya silikoni kwenye kona za tanki humpa pa kukanyagia, na anapofika juu ana nguvu ya kuinua mfuniko mwepesi.

Udongo

Hapa usifanye haraka. Unahitaji kina cha sentimita 12 hadi 15. Sentimita tatu za udongo na jani la plastiki juu, kama wanavyoonyeshwa dukani, ni nyumba ya kuuzia.

Kwa tanki la vipimo vile, kina cha sentimita 12 ni lita 18 za udongo ulioshindiliwa. Andaa lita 22 hivi, kwa sababu utashuka. Kiungo kikuu ni unga wa makumbi ya nazi, ule unaouzwa kwa ajili ya vitalu vya miche. Tofali moja kavu la gramu 650 likilowekwa kwenye lita 4 za maji hutoa lita 8 au 9. Matofali mawili na lita 5 za udongo wa kawaida wenye mfinyanzi kidogo yanatosha. Mfinyanzi ndio unaolifanya shimo lisiporomoke. Makumbi peke yake huanguka kama pumba.

Walio pwani wanaweza kujisagia makumbi wenyewe, ila kuna tahadhari. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya usumba yamejaa chumvi. Loweka kwenye ndoo ya maji baridi usiku kucha, mwaga, rudia mara tatu. Udongo usiwe wa shamba lililopigwa dawa wala lililowekwa mbolea ya dukani. Ukiutoa nje, umwagie maji yanayochemka, uuache upoe na uchuje, ili kuua utitiri na mayai ya siafu.

Kisha pima unyevu kwa mkono. Chota konzi moja, bana kwa nguvu. Likitoka tone moja au mawili kati ya vidole, na ukifungua kiganja donge linabaki na alama za vidole vyako, umefika. Likichuruzika, limelowa mno. Litandaze kwenye gazeti saa kadhaa. Likimeguka, ongeza nusu kikombe cha maji na uchanganye tena.

Shindilia kwa kiganja tabaka kwa tabaka, sentimita tatu tatu. Weka kigae cha chungu kilichovunjika au gome nene la mti kikae juu ya tabaka la chini, si juu ya udongo laini, maana nge atachimba chini yake na kigae kitamwangukia. Chini ya kigae anzisha shimo kwa vidole, likielekea chini kwa mteremko hadi ukutani mwa tanki. Atalimalizia mwenyewe. Kati ya udongo na mfuniko baki na sentimita 15 hivi. Nafasi kubwa zaidi ni nafasi ya kudondokea.

Joto na maji

Lenga nyuzi 26 hadi 29 upande mmoja na 23 hadi 24 upande wa pili. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar hutahitaji kifaa chochote cha joto. Unachohitaji ni kivuli, na kuhakikisha tanki haliguswi na jua la dirishani, kwa sababu kioo kwenye jua hupita nyuzi 40 ndani ya nusu saa. Nairobi, Arusha, Iringa au Ulaya, tumia mkeka wa joto wa wati 7 hadi 10 pamoja na themostati, kifaa cha kuuzima joto likifika kiwango, iliyowekwa nyuzi 28.

Mkeka ubandikwe nje ya ukuta wa pembeni, juu ya usawa wa udongo, ukifunika theluthi moja ya ukuta huo. Usiuweke chini. Porini joto hutoka juu na chini ndiko kwenye ubaridi. Nge akisikia joto kali huchimba kwenda chini. Ukimwekea mkeka chini, kila anapokimbia joto anazidi kulisogelea, hadi anapikwa shimoni huku kipimajoto cha juu kikisoma nyuzi 27. Taa za balbu nazo ziache: hukausha udongo na nge huchukia mwanga.

Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 70 na 80. Watu wengi hupuliza maji juu kila asubuhi, na matokeo yake ni uso uliolowa na shimo kavu, kinyume kabisa cha anachotaka. Badala yake mwaga mililita 200 hadi 300 polepole kwenye kona moja ya upande wa baridi, kila siku 7 hadi 14, maji yashuke hadi chini na kusambaa. Uso ukauke, chini kubaki na rangi ya kahawia iliyoiva. Kwenye tanki la kioo utauona mstari huo ukutani. Kioo kikiwa na ukungu wa mvuke asubuhi si tatizo. Kikichuruzika mchana kutwa, ongeza matundu.

Weka pia kisahani cha maji chenye kina kisichozidi sentimita moja na nusu, na mawe mawili matatu ndani yake. Kioshe mara mbili kwa wiki.

Siku za kwanza

Tanki likae tayari kwa siku tatu, vipimo vikiwa vimetulia, ndipo nge aingie. Lilaze kopo alilosafiria mlangoni mwa shimo, mfuniko wazi, atoke mwenyewe. Funika tanki kwa kitambaa, zima taa, ondoka. Maji ayakute, chakula mpe baada ya siku nne au tano. Kwa wiki mbili za mwanzo usimfukue kumtazama. Ukitaka kujua alipo, subiri usiku na utumie tochi ya UV, ile ile ya kukagulia noti bandia. Atawaka rangi ya kijani-samawati kama kitu kilichopakwa rangi. Mmulike sekunde chache tu, maana mwanga huo humkera.

Chakula

Nyenje na mende wa kufugwa ndio chakula kikuu. Panzi wanafaa wakitoka mahali pasipopigwa dawa. Nge mkubwa apewe nyenje wawili wakubwa kila siku 7 hadi 10. Mdogo apewe mara mbili kwa wiki, na windo lake lisizidi nusu ya urefu wa mwili wake bila mkia. Mpe magharibi. Asipokula, toa windo siku inayofuata, kwa sababu nyenje mwenye njaa humtafuna nge anayejivua gamba. Funza wa unga nao hujizika udongoni na kufanya hivyo hivyo. Wapondwe kichwa kwanza au wapewe kwa kibano.

Mende wa jikoni usimpe kamwe. Huwezi kujua amepita kwenye dawa ipi. Na dawa za kupuliza za mbu na mende, pamoja na zile za moshi, zisitumike chumba alimo nge hata kidogo: sumu iliyotengenezwa kuua mende haimchagui. Aliyemtia mbwa dawa ya viroboto anawe mikono vizuri kabla ya kugusa tanki.

Nge mkubwa anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asipungue kitu. Angalia tumbo, usiangalie kalenda. Likiwa pana na pingili zimeachana kidogo, ameshiba. Ukiona limebanana na limezama, kagua joto kwanza. Chini ya nyuzi 22 nge hawezi kusaga chakula vizuri.

Kujivua gamba

Nge mfalme hujivua gamba mara sita au saba tangu kuzaliwa hadi kukomaa, kisha huacha. Ndiyo maana mdogo aliyegoma kula huenda anajiandaa, lakini mkubwa aliyegoma ana sababu nyingine: shibe, baridi au mimba.

Dalili kwa mdogo ni hizi. Anaacha kula, anakuwa mzito, rangi inafifia kama nguo nyeusi iliyofuliwa sana, na ubavuni utaona ngozi laini nyeupe kati ya pingili kwa sababu mwili umevimba. Ukiziona, toa kila mdudu aliye hai, mwaga maji kwenye kona hadi unyevu ufike asilimia 80, usiguse tena. Gamba hupasuka ukingo wa mbele wa kichwa, naye hutoka kwa kusonga mbele taratibu, akivuta magando, miguu na mkia kama mtu anayevua glavu iliyobana. Hatua hiyo huchukua saa nyingi. Hewa ikiwa kavu gamba hukauka kabla mguu haujatoka, na mguu hubaki humo. Usimvute. Weka pamba iliyolowa karibu naye. Zaidi ya hapo mkono wako utavunja kilicho laini kama jibini.

Akishatoka ni mweupe hafifu, na haang'ai kwenye tochi ya UV mpaka gamba jipya ligande. Usimlishe kwa siku 7. Na ukikuta asubuhi "nge aliyekufa", geuza: ganda tupu limefunguka mbele ya kichwa na ni jepesi kama kitunguu kilichokauka, na mwenyewe yuko shimoni.

Kumhamisha, kusafisha, wageni wabaya

Nge si wa kupakata. Hafungamani na mtu, na akidondoka kutoka kimo cha kiuno tumbo hupasuka. Anapolazimika kuhama, lilaze kopo mbele yake na umsukume nyuma polepole kwa brashi laini ya rangi. Andaa pia kibano cha sentimita 30 cha kutolea mabaki. Vijidonge vya mabaki ya chakula viondoe kila wiki. Udongo wote ubadilishwe kila miezi 4 hadi 6, isipokuwa akiwa na mimba au watoto.

Kuvu nyeupe kidogo kwenye kona iliyolowa ng'oa kwa kijiko na uongeze hewa. Utitiri ukitokea, mhamishie kwenye boksi lenye karatasi laini ya jikoni yenye unyevu kidogo na kisahani cha maji, badilisha karatasi kila siku kwa wiki mbili, tupa udongo wa zamani wote na uoshe tanki kwa maji yanayochemka. Utitiri usipulizwe dawa. Madoa ya kahawia au meusi yanayotanuka kwenye maungio yanaonyesha amekaa kwenye umajimaji bila hewa. Kausha uso wa udongo haraka.

Akikuchoma

Mara nyingi hubana kwanza, na gando lake huweza kuchana ngozi. Mwiba wa mkubwa huuma karibu kama wa nyuki. Osha kwa sabuni na maji, vua pete, weka kitambaa cha baridi dakika 10 kwa vipindi, meza parasetamo. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, na usipoteze muda na jiwe la nyoka. Pumzi ikibana, midomo au uso ukivimba, kutapika, mate mengi, jasho la ghafla au misuli kucheza yenyewe: hospitali hapohapo, na picha ya nge kwenye simu. Mtoto mdogo apelekwe bila kusubiri dalili.

Wakizaliwa watoto

Mimba huchukua miezi 7 hadi 9, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo jike uliyemnunua peke yake anaweza kukushangaza. Huzaa watoto hai, weupe, 10 hadi 30 hivi, nao hupanda mgongoni kwake. Funika tanki, sogeza mbali na redio na mlango unaobamizwa, maana mama aliyesumbuliwa hula wanawe. Kisahani kibaki, mawe yaongezwe ili mtoto asizame. Baada ya wiki mbili hivi hujivua gamba la kwanza, huwa wa kahawia na kuanza kushuka; hapo mwachie mama nyenje aliyepondwa kila siku tatu, watoto watakula pembeni yake. Wakianza kujiwindia, watenge kila mmoja kwenye kopo la nusu lita lenye sentimita 5 za udongo uleule, matundu ya milimita 1, na kifuniko cha chupa kikiwa kisahani cha maji.